Mizigo ya Watu Ndani ya Nyambizi

Katika bandari ya Durban, kwenye makumbusho ya mambo ya bahari, kulikuwa na manowari ya kijivu iliyokuwa ikimeza wageni. Mtu alikata tiketi kama mtalii, akapanda ngazi, akashuka chini kuangalia vitanda vya mabaharia, mlango wa chuma ukafungwa nyuma yake. Meli ikazama taratibu bila kutoa hata povu. Ikapita chini ya bahari, ikaingia chini ya nchi kavu kwa mto usioonekana kwenye ramani yoyote, ikaibuka Ziwa Tanganyika mbele ya mji wa Kigoma, ikamtema yule mtu ufukweni na viatu vyake vimejaa maji. Kisha ikarudi Durban, ikafungwa kamba zake pale pale, ikatulia kama ng'ombe aliyeshiba, inasubiri wengine. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya serikali ya kuwarudisha makwao watu wasio na karatasi nzuri, bila kelele wala usumbufu wa mabasi.

Niliamini. Niliamini kwa moyo wote, na nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu.

Habari hiyo niliipata kwa kinyozi niliyekuwa naishi naye. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa wanaume watatu katika chumba kimoja kule mtaa wa Berea, Durban, ghorofa ya tano, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa inapanda siku ikipenda. Pale jengoni hatukuitana majina. Tuliitana miji tuliyotoka. Kinyozi, Mkongo, alikuwa Uvira. Wa pili alikuwa Mrundi mpole, mtu wa kanisa, kazi yake kulinda magari ya watu ufukweni, naye tukamwita Buja, kwa kifupi cha Bujumbura. Mimi nilikuwa Kigoma.

Uvira alikuwa ananinyoa barazani siku hiyo, na kutoka pale juu bandari inaonekana vizuri, pamoja na kilima cha Bluff ng'ambo ya maji.

“Kigoma, unaona ile bateau ya kijivu, ile ya musée?” akaniuliza. “Ile haiko bateau. Iko sous-marin.”

“Nyambizi? Mbona iko juu ya maji?”

“Na mamba haiko juu ya maji? Ngoja upite karibu. Minakuambia, mon frère, batu banaingia mule, habatoke.”

“Acha uongo, Uvira.”

“Uongo? Fundi viatu iko wapi?”

Fundi viatu alikuwa Mtanzania mwenzangu wa ghorofa ya pili, kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi. Jumapili moja alivaa shati jeupe akasema anakwenda kuangalia meli bandarini. Jumatatu kigoda chake kilikuwa kitupu, na mpaka siku ile Uvira ananinyoa kilikuwa kitupu bado.

“Hata mimi nimesikia,” akasema Buja kutoka ndani, alikokuwa anapiga pasi shati la kanisani. Buja hakuwahi kusema uongo tangu azaliwe. Kama Buja amesikia, basi limesikika.

Lakini kusema kweli, mtu wa Dodoma au wa Moshi angecheka tu. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu natoka Kigoma. Kule kwetu kuna meli ya Wajerumani ambayo wenyewe waliizamisha ziwani wakati wa vita ya kwanza, ikalala chini ya maji kwa miaka, na samaki wakazaliana ndani yake vizazi na vizazi. Halafu watu wengine wakaiibua, wakaipangusa, wakaipaka rangi, na mpaka leo inabeba abiria na dagaa. Bibi yangu aliipanda. Mimi mwenyewe nimeipanda, nikatapika ndani yake. Sasa mtoto aliyekua akisafiri na meli iliyotoka chini ya maji, unamwambiaje kwamba meli haizami na kuibuka? Kwetu hiyo ndiyo tabia ya meli. Tena wazee wetu husema lile ziwa chini kabisa halina sakafu. Nilipojumlisha nikaona kila kitu kimekaa sawa: huku Durban kuna mlango wa kuingilia, kule Kigoma kuna mlango wa kutokea. Ramani nzima niliimaliza kichwani kabla Uvira hajafika kisogoni.

Tangu siku hiyo sikupita karibu na bandari. Nilikuwa naosha vyombo katika mgahawa mmoja wa samaki ufukweni, na njia ya mkato ilikuwa inapita upande ule wa makumbusho. Mimi nikaanza kuzunguka. Nilizunguka kwa robot za mbali, zile taa za barabarani, nikapita sokoni, nikapita nyuma ya stendi ya taxi, daladala za kule, mpaka viatu vikaisha soli, na fundi wa kuvishona ndiye huyo amemezwa.

Sasa nieleze kuhusu shule, maana hapo ndipo nilipobanwa.

Bosi wa mgahawa alikuwa ameniambia mbele ya watu kwamba nikimletea cheti cha Kiingereza cha kuongea, ananitoa kwenye sinki ananipeleka mezani kuhudumia wateja. Sinki lile, ndugu msomaji, halikuwa sinki la kawaida. Sahani zilikuwa zinakuja kama nzige. Mikono yangu ilikuwa imenyauka hadi alama za vidole zikafutika, polisi wangenikamata wasingejua mimi nani. Nikajiandikisha shule ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa pale Berea, mwaka mzima, natoka kwenye sinki naingia darasani, nanuka sabuni na samaki, wenzangu wanafungua madirisha. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja tu, wa kuongea. Nikiupita, natoka kwenye sinki. Nikianguka, narudia mwaka, na bosi atakuwa ameshampa mwingine ile nafasi, maana alikuwepo kijana wa vitunguu aliyekuwa anainyemelea.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kihindi kutoka Chatsworth, kitongoji cha Durban, mwembamba, mpole wa sauti lakini asiyerudi nyuma. Tulimwita Mam, kama wanavyoitwa walimu wa kike kule. Jioni moja akasimama mbele yetu na uso wa furaha.

“Mwaka huu mtihani wa kuongea hatufanyii humu ukumbini,” akasema kwa Kiingereza chake cha polepole. “Jumamosi tunakwenda makumbusho ya bandari. Kila mmoja wenu nitampa sehemu moja ya ile meli ya kivita, atuongoze, atueleze. Mkiweza kuongea mle ndani, mtaweza kuongea popote.”

Darasa zima likapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono.

“Mam, mimi naomba nifanyie posta.”

“Posta? Kuna nini posta?”

“Kuna foleni, Mam. Kwenye foleni kuna Kiingereza kingi sana.”

Watu wakacheka. Mam hakucheka. Alinitazama akadhani naona haya.

“Wewe nimekuchagulia jiko la meli,” akasema. “Unafanya kazi jikoni, sivyo? Nimekupa sehemu unayoijua kuliko sisi wote. Na asiyekuja Jumamosi hatapata cheti. Sina siku nyingine.”

“Jiko liko juu au chini, Mam?”

“Chini,” akasema. “Ngazi imesimama wima kidogo, uvae viatu vizuri.”

Chini! Nilirudi nyumbani mbio. Nikawaeleza wenzangu. Nilitegemea kilio, au angalau mtu aseme, Kigoma usiende, tutakutafutia shule nyingine. Uvira alikuna kidevu. Kisha akaenda kwenye sanduku lake akatoa pasi ya umeme, mpya, ndani ya boksi lake.

“Kigoma,” akasema, “kama unafika kule kwenu, Uvira iko ngambo tu. Hii utapatia mama. Umuambie isiguse na maji.”

“Uvira! Mimi naenda kufanya mtihani!”

“Najua. Fanya mtihani. Lakini kama inazama, inazama na pasi.”

Labda msomaji hajawahi kuishi ugenini, kwa hiyo nieleze. Sisi watu wa mbali na kwetu tuna desturi moja ambayo hakuna sheria iliyoishinda. Mtu akisikika anakwenda nyumbani, mizigo inamfuata. Haijalishi anakwenda kuzika, kuoa au kufungwa. Kukataa mzigo wa mwenzako ni dhambi kubwa kuliko kula mchana wa Ramadhani, na sisi pale jengoni tulikuwa Waislamu na Wakristo na wote tulikubaliana katika hilo. Habari kwamba Kigoma anaingia nyambizi Jumamosi ikashuka ghorofa kwa ghorofa kwa kasi kuliko lifti. Hakuna aliyekuja kunizuia. Walikuja na vifurushi.

Alikuja mama mmoja wa Tanga aliyekuwa anapika maandazi ghorofa ya tatu, na blanketi la manyoya lenye picha ya chui.

“Mwanangu, hili la dada yangu, yuko Ujiji,” akasema. “Nimelifunga nailoni mara mbili, maana maji ya chumvi si mazuri kwa manyoya.”

“Shikamoo mama. Lakini huenda nisifike.”

“Marahaba. Utafika tu, una uso wa kufika.”

Wakaja na vitenge, viatu vya watoto, chupa ya chai yenye maua, saa ya ukutani, sufuria za kupachikana moja ndani ya nyingine, mashine ya kunyolea. Buja alikuja wa mwisho, kwa aibu, akiwa ameficha kitu nyuma ya mgongo. Ilikuwa kofia ya kike ya kwendea kanisani, nyeupe, pana kama ungo, yenye wavu na ua la hariri.

“Ni ya shangazi,” akasema. “Yule aliyenilea. Yuko Kigoma, anauza samaki pale gatini. Nilimuahidi kofia tangu zamani. Usiikunje, kaka.”

Sikuikunja. Niliiweka juu kabisa. Vitu vyote vikaingia katika lile begi la mistari tunaloliita shangazi kaja, nalo likavimba mpaka zipu ikawa inaomba msamaha. Kilo zake sikuzipima, lakini ndama wa tembo angeniomba tubadilishane. Mimi mwenyewe nilivaa suruali mbili na sweta, maana chini ya bahari kuna baridi, na nikanunua robo ya mkate iliyojazwa mchuzi wa maharage, ile wanayoiita bunny, kwa ajili ya safari.

Ijumaa nilikaa na Buja barazani, nikamuuliza kama ningekuwa na akili ningefanya nini.

“Ungebaki kwenye sinki,” akasema.

Nikaitazama mikono yangu, nikajua kwamba nitakwenda.

Jumamosi asubuhi kwenye taxi begi lilikaa kiti chake na mimi nilikaa kwenye goti la begi. Nilipofika bandarini darasa lote lilikuwa limeshapanga mstari kwenye ngazi ya meli. Na ile meli, kwa mara ya kwanza, nikaiona kwa karibu. Ilikuwa kubwa kuliko jengo letu la Berea likilazwa ubavu. Mbele ilikuwa na mzinga, na ule mzinga, popote niliposimama, ulikuwa unanitazama mimi.

Mlangoni alikuwepo mzee mmoja wa makumbusho, mwenye kofia ya baharia na ndevu za mviringo. Kazi yake ilikuwa kupokea watu na kuwatembeza. Aliposikia nalalamika peke yangu kwa Kiswahili akageuka.

“Salaam aleikum,” akasema. “Unatoka pwani?”

“Waaleikum salaam, shikamoo mzee. Natoka ziwani, lakini karibu tu na pwani ukipita chini.”

Hakuielewa hiyo. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba yeye ni wa wale watu wanaoitwa Wazanzibari wa Chatsworth, uzao wa watumwa walioachwa huru wakaletwa Durban zamani, amezaliwa Bluff, pale ng'ambo, kabla serikali ya makaburu haijawahamisha, na bibi yake alikuwa na maneno ya Kiswahili machache aliyoyagawa kwa wajukuu kama peremende. Kisha akalitazama begi.

“Unahamia?” akauliza.

“Hapana, mzee. Ni kama ikitokea tu.”

Mam akaja na kalamu yake. “Hilo begi ni la nini?”

Ulimi wangu ukajibu kabla yangu. “Vifaa vya kufundishia, Mam.”

Mam aliinua nyusi, akafurahi. Katika mwaka mzima hakuna mwanafunzi aliyewahi kuleta vifaa.

Kushuka ndiko kulikuwa vita. Tundu la kushukia lilikuwa na ukubwa wa mlango wa kabati, na shangazi kaja akakwama katikati kama kizibo. Mimi niko chini nimelikumbatia, mzee yule yuko juu analisukuma kwa mguu, bibi mmoja wa Kizulu wa darasa letu anatoa maagizo kwa wote wawili.

“Eish, vuta! Vuta kama mwanaume! Wewe juu, usikanyage, sukuma!”

Lilipoachia lilishuka na mimi chini yake. Nilisikia saa ya ukutani ikigonga mara moja ndani ya begi, ikanyamaza. Nikajisemea, hiyo ndiyo kengele ya kuondoka.

Wenzangu wakaanza mtihani. Mama mmoja wa Msumbiji alieleza usukani. Yule bibi wa Kizulu alieleza vitanda, ambavyo vimepangwa juu ya vingine kama rafu za dukani, akasema mume wake asingelala pale hata akikatwa vipande viwili, na Mam akacheka mpaka akafuta miwani. Mimi nilikuwa nasikiliza kuta. Kila kitu kilikuwa kinalia kidogo kidogo, kri, kri. Harufu ilikuwa ya dizeli ya zamani na rangi mpya. Nikawa nahesabu nani yuko karibu na ngazi kuliko mimi.

“Jiko,” akasema Mam. “Zamu yako.”

Jiko lenyewe lilikuwa chumba cha kusimama mtu mmoja na nusu. Mimi na begi tukaingia, wengine wakabaki kwenye ushoroba wakichungulia, na nyuma yao wakaja watalii kadhaa waliosikia kicheko cha vitanda. Nikafungua mdomo. Kiingereza changu chote, mwaka mzima wa Kiingereza, kilikuwa kimepanda ngazi kikatoka nje.

“Hili,” nikasema, “ni jiko.”

Mam akaandika kitu kifupi sana.

“Jiko la meli,” nikaongeza.

Hapo ndipo ilipolia. Honi kubwa kutoka nje, nzito, ya kukaa kifuani, nadhani hata wafu wa Bluff walikaa kitako. Kuta zikatetemeka. Halafu, naapa, sakafu ikainuka. Ikainuka, ikashuka, kamba zikalia juu, minyororo ikagugumia, mwanga wa taa ukayumba. Watalii wakasema “Uuuh!” kama watoto kwenye bembea.

Mimi nilijua. Nilijua kwamba tumeanza kuzama.

Niliitazama ngazi. Ilikuwa tupu, hakuna mtu kati yangu na jua. Suruali zangu zote mbili zilikuwa tayari kukimbia. Kisha nikatazama kalamu ya Mam, imesimama juu ya karatasi, inangoja neno. Na wazo likanijia wazi kama mchana: kama nafika Kigoma leo, je, ninafika na nini? Mtu aliyekaa Durban miaka yote anatemwa ufukweni mbele ya shangazi wa Buja na wauza dagaa wote, na hata mtihani hajamaliza? Hapana. Kama nakwenda, nakwenda nimefaulu. Atakayenipokea gatini atanipokea msomi.

Sakafu ikainuka tena. Nikashika fimbo ya chuma iliyozungushiwa juu ya jiko, nikanguruma kwa Kiingereza, kwa sauti niliyoitumia jikoni sahani zinapokuwa nyingi:

“Ladies and gentlemen, hold the pot!”

Shikeni sufuria! Wakaruka wote. Nikalifungua begi. Nikatoa zile sufuria za kupachikana nikazipanga juu ya jiko, nikawaonyesha kwamba ile fimbo haikuwekwa kwa urembo, inazuia chungu kisimwagike miguuni mwa mpishi bahari ikichafuka. Nikaweka chupa ya chai nje ya fimbo, meli ikainama, chupa ikaanguka, mtalii mmoja akaidaka, nikasema, mnaona? Huyu ameokoa chai ya mabaharia! Nikatoa pasi ya Uvira, nikasema kila kitu kizito lazima kifungwe, maana pasi ikiruka humu ndani ni adui kuliko yule wa nje. Nikatandaza blanketi la chui nikaeleza mpishi analala wapi na kwa nini analala karibu na jiko: kwa sababu ndipo penye joto, na kwa sababu hamuamini mtu na nyama. Nikasema supu hujazwa nusu tu. Nikasema ugali ungefaa kuliko supu, nikawaeleza ugali ni nini. Nani aliniambia hayo yote? Hakuna! Mengine niliyaona hapo hapo kwa macho, mengine ni sinki lililonifundisha, na mengine, basi, yalikuja yenyewe.

Mpishi bila kofia si mpishi. Nikaivaa kofia ya shangazi wa Buja, wavu ukanishuka puani, ua likasimama juu. Ushoroba ukalipuka. Yule bibi wa Kizulu alipiga kigelegele ambacho kilisikika, kwa makadirio yangu, mpaka Johannesburg. Watalii wakapiga picha. Mzee wa makumbusho alikuwa amekaa kwenye ngazi ameshika tumbo.

Na sakafu, wakati wote huo, ilikuwa inatulia. Kila nilipoongeza sentensi, meli iliyumba kidogo kuliko mwanzo. Niliendelea kuongea mpaka ikasimama kabisa, kimya, na mimi nikasimama pamoja nayo, jasho likitiririka kwenye sweta.

Mam alifunga kalamu yake.

“Umepita,” akasema. “Umepita kuliko wote niliowahi kufundisha. Sasa tafadhali vua hiyo kofia, sina nguvu ya kucheka tena.”

Nilipanda ngazi ile kama mtu anayepanda mbinguni. Nikatokeza kichwa. Jua. Bluff pale ng'ambo, majengo ya ufukweni upande ule, Berea kule juu, kila kitu mahali pake.

“Durban!” nikapiga kelele.

“Ulitaka iwe wapi?” mzee akauliza nyuma yangu, akiwa amelibeba begi mabegani.

Jengoni walinipokea kwa huzuni. Uvira aliiangalia pasi yake, akaigeuza, kama anatafuta maji.

“Kwa hiyo haukufika.”

“Sikufika, Uvira. Nimefaulu!”

“Félicitations,” akanipongeza. “Lakini mama atakuwa bila pasi.”

Mama wa Tanga alilinusa blanketi, akaridhika. Buja ndiye peke yake aliyenikumbatia. Kisha akaipangusa kofia kwa kiwiko cha shati na kuirudisha kwenye mfuko wake, akisema itasubiri mtu wa basi.

Nikawaeleza ilivyokuwa, na nikawaeleza nilivyoamini: meli ilianza kuzama, tena maji yalikuwa yameshapita nusu ya ubavu wake, na Kiingereza changu ndicho kilichoirudisha juu. Serikali iliposikia mtu anayeongea namna ile, ikaona huyu hawezi kurudishwa, ni hasara kwa nchi. Hakuna aliyebisha. Baada ya muda fundi viatu akapiga simu kutoka Cape Town, anauza mikanda huko, mzima wa afya, na sote tukakubaliana kwamba nyambizi ilimshusha njiani kwa kukosa mafuta. Na muhula uliofuata, Uvira na mama wa Tanga walikuwa wamekaa mstari wa mbele kwenye ukumbi wa kanisa, madaftari yamefunguliwa. Uvira alisema wazi kwamba anajifunza kwa usalama.

Nami nilikwenda kwa bosi na cheti. Alikisoma, akaenda mwenyewe kwenye kabati, akanirushia shati jeupe na tai ya kipepeo. Kijana wa vitunguu alinipa mkono, akaenda kusimama kwenye sinki. Siku ile ya kwanza mezani nilihudumia wateja wote wa Durban. Niliwaeleza samaki mmoja mmoja, alivyovuliwa, alivyokuwa anafikiria kabla ya kuvuliwa. Watu walikuja kula wakaondoka wamesoma. Bosi alisema jambo moja tu: niwe naacha wateja nao waseme kidogo.

Nilikuwa bado mezani pale, Jumapili moja mchana, mwaka umeshapita, alipoingia mzee wa makumbusho na mkewe. Alivaa kanzu, hakuwa na kofia ya baharia, lakini ndevu ni zile zile. Aliponiona akanicheka kabla hajakaa.

“Mpishi!” akasema. “Kofia iko wapi?”

Nikawaletea samaki bora kuliko wote waliokuwepo jikoni. Nikasimama pembeni, mikono nyuma, nikamsimulia mkewe habari yote kwa Kiingereza kilichonyooka: mto wa chini ya ardhi, Kigoma, fundi viatu, honi, namna tulivyozama na namna nilivyoiibua meli kwa maneno. Mke alisahau kula. Mzee alikuwa anatafuna polepole, ananitazama. Nilipomaliza akaweka uma chini, akafuta mdomo.

“Kijana,” akasema, “ile si nyambizi. Ni meli ya kufagia mabomu ya baharini. Mwili wake ni wa mbao, kwa sababu mabomu yale yalikuwa yanavutwa na chuma. Haijawahi kuzama hata siku moja, na injini zake zimezimwa. Siku ile ilipita meli ya mizigo, ikapiga honi, na mawimbi yake yakatutikisa. Hutokea kila siku.”